Fimbo, Mto wa Mbao na Birika

Talaka yangu ilinifikia nikiwa kazini, nikichapa talaka ya mtu mwingine.

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa nakala mbele ya mahakama mjini Garissa. Kina kompyuta moja, mashine ya nakala inayotafuna karatasi joto likizidi, na benchi la wateja. Siku hiyo benchi lilikuwa na mama mzee kutoka Lafey. Alikuwa amesafiri siku mbili kwa ajili ya binti yake, aliyeachwa hapa mjini bila matunzo ya watoto. Nilikuwa nimefika aya ya nne ya ombi lake simu yangu ilipoingiza ujumbe wa sauti. Mikono ilikuwa kwenye kibodi, kwa hiyo niliugusa ujumbe kwa kidole kimoja nikauacha usikike.

Sauti ya mume wangu ilijaa kibanda kizima. "Nimekuacha. Nimekuacha. Nimekuacha. Hama kabla ya Ijumaa ijayo, kuna mtu anaingia. Friji usiiguse."

Mama mzee aliitazama simu, kisha akanitazama mimi.

"Huyo ni nani?"

"Ni mume wangu, hooyo," nilisema, neno letu la kumwita mama.

Alifikiri kidogo. "Friji yenyewe ni kubwa?"

"Kubwa."

"Basi maliza yangu kwanza," alisema, "halafu uandike yako, na uiandike vizuri."

Nilimaliza yake. Nilisahihisha makosa mawili, nikatoa nakala tatu, nikabana kwa pini. Baada ya hapo ndipo nilipofungua daftari langu na kuandika saa, maneno yake yote kama alivyoyasema, na kwamba shahidi alikuwepo. Sikulia. Tangu mwanzo nilitaka jambo moja tu: yeye atoke katika nyumba ile na mimi nibaki, na atoke watu wakiona.

Nyumba iko Iftin. Ina vyumba vitatu vya mawe, tangi la maji, na geti la bati la rangi ya samawati. Kwa miaka kumi na minne mume wangu alilifungua geti hilo kwa teke. Hakuwahi kubisha wala kutoa salamu. Lilikuwa teke moja la nguvu chini, na yeyote aliyekuwa ndani alitakiwa kukimbia. Binti yangu wa kwanza alijifunza kukimbilia geti kabla hajajifunza kusoma. Pale baba yake alipopiga pamebonyea, bonde la ukubwa wa sahani, na rangi imebanduka.

Kwa miaka minane ya kuchapa nimesikia karibu kila swali ambalo watu wa kuachana huuliza. Je, talaka ya simu ni talaka? Watoto watakaa na nani, na mama akiolewa tena itakuwaje? Mahari iliyotajwa siku ya nikahi na haikutolewa, sasa itadaiwa vipi? Chakula cha eda ni juu ya nani, na je, mume akidai kwamba alitamka talaka miezi minne iliyopita ili eda ionekane imekwisha? Mimi si wakili wala simshauri mtu. Lakini anayechapa huona maombi yakiingia na amri zikitoka, na akiwa mtu wa kuweka mambo kwa mpangilio, baada ya muda anajua ni yapi hushinda na yapi hupoteza nauli.

Kwa hiyo nililikagua shauri langu kama la mteja. Talaka: Kadhi angemuuliza kama sauti ni yake na kama alikusudia, naye angekubali kwa kiburi. Watoto watatu: wangebaki kwangu, naye angepangiwa matunzo. Mahari: ngamia watano walioandikwa kwenye hati ya ndoa, ambao sikuwahi kuona hata mkia. Hapo nilikuwa sawa.

Nyumba ndiyo iliyokuwa mbaya. Mbele ya Kadhi kila mmoja huchukua kilicho chake, na kilicho chako ni kile unachoweza kukithibitisha. Barua ya kiwanja ilikuwa na jina lake. Stakabadhi za mawe, saruji na mabati zilikuwa na jina lake. Mafundi niliwalipa mimi kutokana na kibanda, mkononi, kila Jumamosi, na fundi hatoi risiti. Kama ningekuwa mteja wangu, ningejionea huruma nikajitoza nusu.

Jina lake kwenye ile barua niliweka mimi mwenyewe, na hapo inabidi nirudi nyuma kidogo.

Kwetu nyumba ya kuhama, tunayoiita herio, ni kazi ya wanawake. Msichana akiolewa, mama yake, shangazi zake na majirani husuka mikeka na kukunja fito kuwa matao, na siku ya harusi nyumba hupelekwa pamoja na bibi harusi. Mama yangu alinitengenezea yangu Sangailu, ikaletwa mjini juu ya lori la ng'ombe. Tuliisimamisha Iftin kwenye uwanja mtupu uliojaa miiba ya mathenge. Mwaka wa pili maafisa walikuja kuhesabu waliokaa, na kila herio iliyosimama ilipewa kiwanja chake. Mume wangu alikuwa soko la mifugo, ambako ni dalali. Nyumbani tulikuwa mimi na mama mkwe wangu. Karani aliuliza jina la mwenye nyumba. Mama mkwe alinitazama, na mimi nikataja jina la mume wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na niliona kwamba hiyo ndiyo heshima.

Mawe yalikuja baadaye. Herio ilisogezwa nyuma ya uwanja ikawa jiko, na iko pale hadi leo, mikeka imekuwa myeusi kwa moshi.

Siku tatu baada ya ule ujumbe nilimpigia simu adeer yangu, kaka wa marehemu baba, ambaye hajawahi kuhama Sangailu.

"Adeer, watu wakiachana, nyumba ni ya nani?"

"Swali gani hilo? Ya aliyeileta."

"Na kama imegeuka kuwa ya mawe?"

Alikohoa kwa muda mrefu. Ana kifua. "Hilo sijawahi kuulizwa," alisema.

"Ukiulizwa na wazee utajibu nini?"

"Wakiniuliza, nitawajibu. Siwezi kuwajibu kabla hawajaniuliza."

Haukuwa uhakika, lakini ndio niliokuwa nao. Na nilijua jambo jingine kuhusu mume wangu. Yeye alipelekwa shule ya bweni akiwa na miaka saba, kisha akaingia sokoni mjini. Ng'ombe anawajua kwa bei. Mila anaitaja kila siku, kama wanaume wengi wa mjini wanavyoitaja, kwa maana moja tu: kwamba kila kitu ni chake. Hakuwahi kukaa chini akasikiliza mila yenyewe inasema nini.

Basi niliandika ombi langu kabla ya Ijumaa yake kufika, na shauri likiwa mahakamani hakuweza kunihamisha. Niliomba talaka iandikishwe, matunzo ya eda, mahari na malezi ya watoto. Kuhusu mali, niliomba mahakama ichunguze kila kitu kilichopatikana ndani ya ndoa: nyumba, ng'ombe wote walioko Sangailu, taarifa za benki na za simu. Ng'ombe sikuwataka. Benki yake sikuitaka. Niliviweka pale ili aogope.

Aliogopa. Mbele ya Kadhi alikuja na kanzu iliyopigwa pasi hadi mikono inasimama. Kuhusu sauti alisema, "Ni yangu, na nilimaanisha." Kuhusu watoto hakubisha. Ngamia watano alikubali kuwalipa, akivuta pumzi kama anayebeba gunia. Kisha Kadhi akafika kwenye mali.

"Sheikh," mume wangu alisema, "haya mengine ni ya nyumbani. Sisi ni wafugaji. Tuna wazee wetu na mila yetu. Watatumaliza kwa siku moja."

Nilisimama haraka. "La, Sheikh. Mimi sitaki wazee. Nataka karatasi zifunguliwe hapa, moja moja."

"Unaona, Sheikh? Huyu anataka kunivua nguo mbele ya watu. Mambo ya Nairobi haya!"

"Wazee ni wanaume watupu, Sheikh. Nitaonewa."

"Utaonewa na mila ya baba yako?" alisema akinigeukia, na uso wake ulikuwa umeanza kung'aa. Hapo nilijua ameshika chambo. Miaka minane ya maombi ya talaka imenifundisha kwamba mtu mwenye hasira huacha kupima kitu. Hutaka tu kile ambacho mwenzake anakikataa.

Kadhi alituambia kwamba kuhusu mali tunaweza kwenda kwa wazee iwapo sote tutakubali kwa maandishi, na kwamba watakachoamua, kama hakivunji sheria wala dini, atakiandika kuwa amri ya mahakama. Alinitazama kwa huruma. Alinipa siku mbili za kufikiri. Nilifikiri siku mbili, kisha nikamwambia karani, kwa shingo upande, kwamba nimekubali.

Mchana uleule niliona kivuli mlangoni mwa kibanda.

"Naa," alisema, vile wanaume wetu humwita mwanamke ambaye hawataki kulitamka jina lake. "Unachapa ama umefunga?"

Alikuwa na binamu yake, mtu wa kucheka ovyo. Wachapaji wengine wawili wa barabara ile walikuwa wamefunga kwenda kuswali na kula. Nadhani hata kama wangekuwepo angekuja kwangu tu, ili aniamuru mara ya mwisho.

"Kuchapa ni hamsini," nilisema. "Nakala ni kumi. Keti."

Hakuketi. Aliniamrisha maneno akiwa amesimama nyuma ya kiti changu, nikayafuata. Mimi fulani na yeye fulani, tuliokuwa mume na mke, tumekubali kwamba mali yote igawanywe kwa mila na desturi za jamii yetu.

Niliacha kuchapa. "Mali yote? Watu wengine huandika mifugo peke yake."

Ilikuwa kweli, na nilimwambia kweli. Nilijua hataichukua kutoka kwangu.

"Andika yote. Hadi kijiko."

"Hadi paka," binamu alisema, akacheka.

"Hadi paka," mume wangu alisema. "Mimi ni mtu wa mila. Andika pia uamuzi wa wazee ni wa mwisho, hakuna kurudi mahakamani kulia."

"Niweke kwa herufi nzito?"

"Weka nzito."

Niliweka nzito. Aliisoma mara tatu, kidole kikifuata mstari, akanionyesha kosa moja la tahajia katika jina la kijiji chake. Nililisahihisha na kumshukuru. Alitia sahihi, nami nikatia, binamu akashuhudia. Walipoondoka nilifunga mlango wa kibanda, nikakaa kwenye benchi la wateja na kuisoma nakala yangu upya. Kama adeer angekosa jibu, nilikuwa nimempa kila kitu kwa herufi nzito.

Wazee walikaa ghorofa ya juu ya hoteli moja karibu na soko, kwenye viti vya plastiki, na chupa za chai yenye tangawizi. Walikuwa saba: watatu wa upande wake, watatu wa upande wangu akiwemo adeer, na mwenyekiti ambaye hakuwa wa kwetu wala wa kwao. Mahakama ilimtuma karani wa kuandika, kijana wa mtoni Tana asiyejua Kisomali, hivyo mambo makubwa yalisemwa pia kwa Kiswahili. Wanawake hawaketi kwenye kikao hicho. Mimi nilikaa jikoni, kando ya kidirisha cha kupitishia sahani, na daftari langu gotini. Wapishi wawili waliniambia nikate vitunguu ikiwa nitakaa pale. Nikakata huku nikiandika.

Baadaye kidogo mama mkwe wangu aliingia, akaketi juu ya gunia la viazi, akanipa mgongo. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ya ule ujumbe. Aliitwa na mwanawe, kwa ajili ya hesabu ya ng'ombe.

Ng'ombe walitangulia. Hawakuchukua muda. Wote walikuwa na alama yake ya sikio, na mila haina swali juu ya mnyama mwenye alama. Wakaandikwa wake, wote, pamoja na wale tulionunua kwa fedha za kibanda. Kupitia kidirisha nilimwona akiinua mkono kumwagiza mhudumu alete chai nyingine kwa kila mtu, na sambusa.

Kisha adeer akaomba kusema. Alikohoa kwanza, wakamngoja.

"Tumesikia mila," alisema. "Ng'ombe ana alama, ni wa mwenye alama. Vizuri sana. Sasa nyumba nayo ina alama gani?"

"Mawe, adeer," mume wangu alisema, akitabasamu. "Na stakabadhi ninazo."

"Stakabadhi ni za mahakamani. Si wewe uliyesema mila?"

Mzee mmoja wa upande wao alicheka kabla ya kukumbuka ni wa upande gani.

Mwenyekiti akaegemea mbele. Alizungumza Kiswahili, kwa ajili ya karani, kile Kiswahili chetu cha huku kinachogeuza p kuwa b. "Kabla ya mawe, bale balikuwa na nini?"

"Miiba," mume wangu alisema.

"Na katikati ya miiba?"

Nilisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe.

"Herio," alisema.

"Ya nani?"

"Yetu."

"Herio ya watu wawili sijaiona tangu nizaliwe," mwenyekiti alisema. "Nani aliileta?"

Hapo kikao kikagawanyika. Wa kwao mmoja alisema herio ni herio, mwanamke aichukue akaende nayo, lakini nyumba ya mawe ni kitu kipya ambacho mila haikijui, na kisichojulikana kinabaki kwa aliyenunua. Nilipomsikia kisu kilisimama kwenye kitunguu, kwa sababu alisema kwa busara. Adeer akajibu kwamba kiwanja hakikununuliwa. Kilitolewa kwa sababu herio ilisimama pale, na mawe yalikuja kukaa ndani ya mahali pa herio. Wakabishana. Mume wangu akapandisha sauti.

"Baba yangu aliishi kwa mila hadi alipokufa! Muulizeni mama kama alinyang'anywa nyumba na mwanamke!"

"Tumuulize," mwenyekiti alisema.

Mama mkwe alisimama kutoka kwenye gunia. Hakutoka jikoni. Aliweka kichwa kwenye kidirisha kati ya sahani, nami nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Mnaniuliza?"

"Tunakuuliza, mama."

"Marehemu alipomwacha mke wake mkubwa, alitoka na fimbo, mto wake wa mbao wa kulalia, na birika la udhu. Basi. Alikuja kwangu hivyo hivyo. Siku nne alilala nje chini ya ngozi, mpaka mama yangu alipomaliza mikeka na kuleta nyumba. Na ng'ombe alikuwa nao zaidi ya huyu."

"Hooyo!" mume wangu aliita.

"Umetaka waniulize. Na siku ya kuhesabiwa viwanja nilikuwepo. Nilikuwa nimelala ndani ya mikeka ya mama yake huyu. Wewe ulikuwa sokoni."

Alirudisha kichwa, akaketi tena kwenye gunia. Nilitaka kumshika mkono.

"Usinishukuru," alisema bila kunigeukia. "Wewe sikupendi, na chumvi yako ni nyingi. Lakini nyumba ninayolala mimi ni mikeka ya mama yangu. Nikisema leo kwamba nyumba ni ya mwanamume, kesho atakuja kunihamisha na mimi."

Nje kule hakuna aliyekuwa akibishana tena. Mwenyekiti alizungumza taratibu ili karani aandike: ng'ombe ni wa mwanamume, nyumba na kilichomo ni vya mwanamke, na mwanamume atatoka kama baba yake alivyotoka.

"Na huyu ninayemuoa atakaa wapi?" mume wangu aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo.

"Mama yake ataleta nyumba," mwenyekiti alisema. "Anatoka wapi?"

"Eastleigh, Nairobi," binamu alisema.

"Eastleigh mikeka haikosekani."

Walicheka hadi mhudumu akaja kuangalia. Hata karani wa Tana alicheka. Mimi nilicheka jikoni, na machozi ya vitunguu yalinisaidia kwa sababu hakuna aliyeweza kuuliza yalikuwa ya nini.

Alijaribu kurudi nyuma. Mbele ya Kadhi alisema hakuelewa. Kadhi aliichukua ile karatasi yetu ya makubaliano, akaisoma kwa sauti, na alipofika kwenye herufi nzito akapunguza mwendo.

"Mali yote. Uamuzi wa mwisho. Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana."

"Nani aliiandika?"

Mume wangu aligeuka akanitazama. Niliona jambo likimfikia usoni polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Mimi nilikuwa nikitazama feni.

"Niliisema mimi," alisema hatimaye. Ilikuwa kweli. Kadhi akaandika amri.

Siku ya kutoka nilichagua mimi, na nilichagua Ijumaa, saa ambayo watu hutoka msikitini na mtaa wote hupita mbele ya geti letu. Nguo zake nilikuwa nimezifua, nikazikunja na kuzitia kwenye begi. Sikutaka aseme nilimnyima nguo. Nje ya geti, juu ya gunia safi, nilipanga kwa mstari fimbo yake, mto wake wa mbao na birika la plastiki. Kisha nikakaa kivulini ndani ya uwanja, geti likiwa wazi, na amri ya mahakama mkononi.

Alikuja na binamu na mkokoteni wa punda. Aliona mkokoteni ni mkubwa kuliko mzigo, akamwambia mwenye punda aende.

"Friji," alisema.

"Aya ya pili," nilisema.

"Nilinunua mimi."

"Hadi kijiko. Hadi paka."

Watu walikuwa wamepunguza mwendo. Mzee wa duka la jirani alitoa kiti nje akaketi vizuri. Binamu mara hii hakuwa na la kucheka. Alichukua begi, akasimama akiangalia miguu yake.

"Basi nipe picha ya baba," mume wangu alisema. Ilikuwa picha ya fremu, ukutani sebuleni, marehemu baba yake na fimbo begani.

"Imo ndani ya nyumba yangu," nilisema.

Nilimpelekea kwa mkono wa binti yetu baada ya wiki tatu. Ningeweza kumpa siku ile. Ilikuwa hatua nane kutoka nilipokuwa nimekaa. Sikutaka, na nikikumbuka sasa bado sioni kwamba ningetaka.

Aliinama akaokota fimbo, akaweka mto kwapani, na birika akalishika kwa mkono uliobaki. Birika lilikuwa na maji kidogo ndani, likamwagikia kanzu. Alishuka na barabara hivyo, katikati ya watu waliotoka kuswali, wakimpa salamu na yeye akizijibu. Nilisimama getini hadi alipopotea kwenye kona. Kisha nikatia kufuli jipya.

Sasa anaishi na mke wake wa Eastleigh katika vyumba viwili vya kupanga upande wa pili wa mji. Kodi analipa yeye, kwa sababu mama wa bibi harusi hakuleta mikeka. Wanawake wanaokuja kibandani huniuliza kama ni kweli waliyosikia. Nawaambia mimi si wakili. Halafu nawauliza kama mama zao waliwahi kuwasimamishia herio, na wapi, na nani aliona. Mama mzee wa Lafey alirudi kuchukua nakala ya amri ya binti yake, ambayo ilitoka vizuri. Kabla hajakaa aliuliza, "Friji?"

"Ipo, hooyo."

"Inagandisha?"

"Inagandisha."

Aliniomba nimwekee maji ya baridi, atayanywa siku nyingine akipita nyumbani.

Amri inasema baba atawachukua watoto Ijumaa alasiri. Ijumaa ya kwanza nilikuwa nimekaa ukumbini na chai, watoto wamevaa na wako tayari, niliposikia geti. Halikuwa teke. Vilikuwa vidole, mara tatu, taratibu, kisha salamu, kisha vidole tena. Binti yangu mkubwa aliinuka mbio kama alivyozoea.

"Keti," nilimwambia.

"Baba yuko juani, hooyo."

"Najua. Keti."

Chai ilikuwa bado ya moto. Niliinywa yote.